Mnara Umefika Gashonga, Maneno Bado

Nimezaliwa na kukulia Gashonga, wilayani Rusizi, eneo ambalo wazee wetu bado wanaliita Cyangugu. Ukipanda pikipiki kutoka kwetu unafika Kamembe mjini kabla hujachoka, na ukivuka mto Rusizi kutoka hapo uko Bukavu, nchi nyingine. Likizo iliyopita nilikaa Kamembe wiki kadhaa nikimsaidia shangazi yangu, ambaye ni wakala wa kutuma na kutoa pesa kwa simu. Ana meza, mwavuli, simu mbili na daftari. Wateja wake wengi ni Wanyarwanda, lakini siku za soko hukosi akina mama wa Bukavu wanaokuja kununua nyanya, mayai na maziwa. Baadhi yao wana laini za Rwanda, kwa sababu wanaowauzia bidhaa wako huku na wanataka kulipwa kwa simu.

Asubuhi moja mama mmoja alikuja mbio akiwa ameshika simu yake kama mtu aliyeshika kaa la moto. "Mutoto yangu, unisaidiye," aliniambia. "Franga yangu imeenda kwa mutu sijue." Alikuwa amekosea tarakimu moja, na faranga 60,000 zikaenda kwa mtu asiyemfahamu. Alikuwa amekwisha kupiga namba ya huduma kwa wateja ya kampuni yake. Sauti ilimtaka achague lugha, na Kiswahili hakikuwamo. Alibonyeza tarakimu yoyote tu, akampata binti asiyeelewana naye. Mimi nikapiga tena, nikawa mkalimani: mama anasema Kiswahili cha Bukavu, mimi nageuza kwa Kinyarwanda, binti anajibu, mimi narudisha kwa Kiswahili. Tulipofika kwenye swali la tatu la kuthibitisha mwenye laini, yule aliyezipokea pesa alikuwa ameshazitoa. Binti alikuwa mpole, simlaumu hata kidogo. Lakini neno lake la mwisho lilikuwa hili: "Mwambie mteja asome masharti ya huduma." Nikayatafuta masharti hayo kwenye simu yangu. Yalikuwa kurasa nyingi za Kiingereza.

Mama yule alikaa kwenye benchi la shangazi karibu saa nzima. Hakulia. Alikuwa anahesabu kwa vidole ni nani atakayemkopesha mtaji ili arudi sokoni.

Baada ya likizo nikarudi chuoni, na haikupita muda nikaenda kwenye siku ya maelezo kuhusu masomo ya uzamili. Sitataja chuo. Baba mdogo ndiye aliyenituma. Yeye ndiye anayenilipia sehemu ya ada kutokana na kahawa yake, na amekuwa akiniambia kila mara kwamba Kiswahili ni kizuri lakini hakijengi nyumba, na kwamba nisome usimamizi wa mawasiliano ya simu, kwa kuwa huko ndiko kwenye kazi. Nikauliza kama mwenye shahada ya kwanza ya Kiswahili anaweza kuomba nafasi. Mhusika alinitajia shahada zinazokubaliwa: uhandisi, kompyuta, uchumi, biashara, uhasibu. Kisha akatabasamu na kuniuliza: "Kiswahili na minara ya simu vinakutana wapi?"

Watu wakacheka. Mimi nilikaa kimya, kwa kuwa nilikosa jibu fupi. Makala haya ndiyo jibu langu refu.

Hoja yangu ni moja. Shahada ya uzamili ya usimamizi wa mawasiliano ya simu inayotolewa katika ukanda wetu huu pasipo Kiswahili ndani yake ni shahada pungufu. Sisemi ni mbaya. Nasema inamfundisha msimamizi nusu ya kazi yake, kisha inamkabidhi joho na kumwambia amemaliza.

Kwanza tuielewe shahada yenyewe, maana wenzangu wengi wa lugha tunaiogopa kwa jina tu. Haimfundishi mtu kupanda mnara wala kuunganisha nyaya. Hiyo ni kazi ya mhandisi. Inamfundisha kuongoza kampuni au taasisi ya mawasiliano. Marekani, ambako vyuo kama Oklahoma State na Stevens vimekuwa na shahada ya namna hii, haja ya wasimamizi wa aina hiyo ilikua baada ya kampuni kubwa ya simu ya AT&T kuvunjwa mwaka 1984. Kampuni moja ilipokuwa inamiliki kila kitu, mhandisi alitosha. Makampuni yalipokuwa mengi, walihitajika watu wanaojua ushindani, bei, mikataba ya kuunganisha mitandao, mgawanyo wa masafa, leseni, sheria na wateja. Ndiyo maana mitaala ya shahada hii huchanganya mambo: kidogo teknolojia, kidogo fedha, kidogo sheria na sera, kidogo masoko, na usimamizi wa miradi.

Historia ya simu nchini kwetu inaonyesha kwamba mambo hayo ni ya kweli. MTN ilianza kazi Rwanda mwaka 1998. Rwandatel, iliyokuwa kampuni ya taifa, iliuzwa kwa wawekezaji zaidi ya mara moja, na mwaka 2011 ikanyang'anywa leseni ya simu za mkononi. Tigo ilikuja, ikapata wateja wengi, na mwaka 2018 ikamezwa na Airtel. Mwaka 2014 intaneti ya kasi ya 4G ilizinduliwa, na haki ya kuijenga na kuiuza kwa jumla ikawa ya kampuni moja iliyoundwa na serikali pamoja na Korea Telecom. Mpango ulikuwa haki hiyo idumu miaka 25. Haikufika hata 10: sera ikabadilika, na mwaka 2023 makampuni mengine yakaanza kutoa 4G yao wenyewe. Katika habari zote hizi, ni ipi iliyoamuliwa na waya? Ziliamuliwa na wasimamizi, wawekezaji na wadhibiti. Kwa hiyo nakubali kabisa kwamba shahada hii inahitajika. Baba mdogo hajakosea.

Lakini tuitazame hiyo 4G. Mnara ulifika karibu nchi nzima baada ya miaka michache. Je, watu waliitumia mara moja? Hapana, kwa kuwa wengi walikuwa na simu za batani zisizoweza kuipokea. Ikabidi mwishoni mwa mwaka 2019 ianzishwe kampeni ya kuchangia simu janja kwa ajili ya familia zisizo nazo. Somo lilikuwa kwamba mnara peke yake si mawasiliano. Lazima mtu awe na simu. Sasa mimi naongeza hatua ya tatu: mnara na simu kwa pamoja bado si mawasiliano, mpaka mtu aelewe anachoambiwa na yeye aeleweke anaposema. Mama wa Bukavu alikuwa na mnara na alikuwa na simu. Alichokosa ni maneno. Na hatua hiyo ya tatu haina somo lake katika mitaala mitatu ya shahada hii niliyoipata na kuisoma tangu siku ile. Nimeona somo la fedha, la masafa, la usalama wa mitandao. Lugha ya mteja sikuiona hata katika mada ndogo.

Watu wa biashara wenyewe walishalitambua jambo hili zamani, hata kama vyuo havijalitambua. Mwezi wa Machi 2007 Safaricom ya Kenya ilizindua huduma ambayo leo inajulikana dunia nzima. Iliitwaje? M-Pesa. Herufi moja ya Kiingereza, na neno moja la Kiswahili ambalo hata mtoto anayetumwa dukani analijua. Baadaye ikaja huduma ya kukopa muda wa maongezi, ikaitwa Okoa Jahazi. Ikaja akiba na mkopo, M-Shwari, mwaka 2012. Ikaja ya kuendelea kulipa hata salio likiisha, Fuliza, mwaka 2019. Hebu tulitazame hili la mwisho. Kufuliza ni kufanya jambo mfululizo bila kukatiza. Huduma ngumu ya kibenki, ambayo kwa Kiingereza ingehitaji aya nzima ya maelezo, imebebwa na kitenzi kimoja. Mtu aliyelichagua jina hilo alifanya kazi ya usimamizi na kazi ya lugha kwa wakati mmoja. Jahazi nalo ni chombo cha pwani, lakini mtu wa Nakuru ambaye hajawahi kuiona bahari anaelewa kwamba chombo kinachozama huokolewa, na kwamba yeye akiishiwa salio ndiye anayezama.

Hapo ndipo Kiswahili na minara ya simu vinapokutana, ewe uliyeniuliza. Vinakutana kwenye mapato.

Najua pingamizi zitakazoletwa, maana nimeshazisikia bwenini na nyumbani. Nizijibu moja baada ya nyingine.

Pingamizi la kwanza ni kwamba teknolojia haina kabila, na lugha yake ni Kiingereza. Kwamba vifaa vinatoka nje na miongozo yake imeandikwa huko. Ni kweli, na sipendekezi hata kidogo kwamba Kiingereza kiondolewe. Rwanda iliamua mwaka 2008 kukifanya Kiingereza lugha ya kufundishia, na sisi sote tuliopita huko tunajua faida yake na jasho lake. Lakini msimamizi haongei na kifaa. Mhandisi ndiye anayeongea na kifaa. Msimamizi anaongea na mawakala, wateja, wafanyakazi wa kituo cha simu, viongozi wa wilaya, wenye mashamba wanaokodisha ardhi ya kujengea minara. Asiyejua lugha ya watu hawa atasimamia kwa kupitia mkalimani, na mkalimani huyo mara nyingi ni mtu kama mimi, aliyesimama chini ya mwavuli wa shangazi yake, bila mshahara, wakati pesa zinatoroka.

Pingamizi la pili ni la Wanyarwanda wenzangu: kwetu watu wote wanajua Kinyarwanda, Kiswahili cha nini? Hili ndilo pingamizi zito, na sitaki kulipita juu juu. Ni kweli, ndani ya Rwanda Kinyarwanda kinatosha kumhudumia karibu kila mteja, na naomba nisieleweke kwamba nataka kukisukuma pembeni. Lakini swali si lugha ya mteja wa Rwanda tu. Swali ni: huyu mhitimu atafanya kazi wapi? Rwanda iko katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007. Kongo imeingia mwaka 2022, nayo ina Kiswahili miongoni mwa lugha zake nne za taifa. Airtel peke yake inafanya biashara Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Kongo. Vyuo vyetu navyo havijitangazi kuwa vya Rwanda tu. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kilifungua tawi lake Kigali kwa ajili ya Afrika nzima, na Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo cha umahiri cha Afrika kuhusu vifaa vilivyounganishwa na intaneti. Ukijitangaza kwamba unaandaa viongozi wa ukanda, basi wape lugha ya ukanda. Na hata ukibaki hapa hapa nyumbani, sheria ya mwaka 2017 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Rwanda. Huwezi kuiita lugha rasmi bungeni, halafu ukaiita hobi chuoni.

Isitoshe, wanaotoa pingamizi hili mara nyingi wanaitazama Rwanda wakiwa Kigali. Njooni Rusizi. Njooni Bugarama siku ya soko, ambapo Mrundi, Mkongo na Mnyarwanda wanapatana bei ya mchele kwa lugha moja. Njooni Kamembe, ambapo ukitembea kandokando ya ziwa simu yako inaweza kudaka mtandao wa ng'ambo bila kukuuliza. Mawimbi ya simu hayasimami mpakani kugonga muhuri. Kwa nini lugha ya huduma isimamishwe?

Pingamizi la tatu ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za kazi hiyo. Hili ni jepesi. Ingia duka lolote la simu Dar es Salaam au Mwanza: kuna laini, salio, kifurushi, muda wa maongezi, vocha, wakala, makato, tozo, mnara, masafa. Serikali ya Tanzania inauita uti wa mgongo wa intaneti yake Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, na ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote kwa ajili ya kupeleka huduma vijijini. Hayo ni maneno ya kazi, yanayotumika katika bajeti na bungeni. Kama lugha inaweza kubeba bajeti ya mkongo wa taifa, inashindwaje kubeba tasnifu ya mwanafunzi mmoja?

Tena hili si jambo geni katika ukanda huu. Wazazi wetu wa Kenya, Uganda na Tanzania waliwahi kuwa na shirika moja la posta na simu. Mafundi na maofisa wa nchi zote tatu walikuwa wakisomea Mbagathi, karibu na Nairobi, katika chuo kilichoanzishwa mwaka 1948. Shirika lile lilikufa pamoja na Jumuiya ya kwanza mwaka 1977, kila nchi ikachukua waya zake. Chuo cha Mbagathi hakikufa; leo ni Chuo Kikuu cha Multimedia cha Kenya. Sasa Jumuiya imerudi. Tangu mwaka 2014 Rwanda, Kenya na Uganda zimekubaliana kushusha gharama za kupigiana simu kuvuka mipaka. Yaani tumeshaunganisha bei. Tunasomesha watu wa kusimamia bei hizo, na hatuwapi lugha ya kumweleza mteja kwa nini amekatwa.

Mpaka hapa naona wenzangu wa Kiswahili mnapiga makofi. Subirini. Nina maneno na sisi pia, na nadhani haya ndiyo yatakayoniletea maadui.

Wale jamaa walipocheka siku ile, walicheka kwa ujinga wao, lakini pia kwa uvivu wetu. Hebu tuangalie mada za tasnifu zetu. Methali, tena methali. Taswira ya mwanamke katika riwaya fulani. Ngeli. Viambishi. Sizidharau mada hizi, na mimi mwenyewe nimeandika juu ya methali. Lakini ni wangapi kati yetu tumekwenda kwenye kituo cha huduma kwa wateja tukasikiliza watu wanavyolalamika? Ni nani amekusanya maneno wanayotumia mawakala wa Kamembe? Tunafundishana chuoni kwamba simu ya mkononi ni rununu, na kompyuta ni tarakilishi, tunapeana alama kwa hilo, halafu tukitoka nje ya geti hakuna hata mmoja wetu anayethubutu kumwambia shangazi yake alete rununu.

Nitoe mfano mmoja mdogo ambao ulinifunza zaidi ya mihadhara kadhaa. Nilipokuwa namsaidia yule mama wa Bukavu, nilimuuliza, kwa Kiswahili changu cha darasani, kama bado ana muda wa maongezi wa kutosha kupiga tena. Akanitazama kama niliyezungumza Kichina. Shangazi, ambaye hajasoma Kiswahili hata siku moja, akadakia: "Anauliza kama una inite." Mama akaelewa papo hapo. Inite, kutokana na Kifaransa, ndilo neno la pande zote mbili za mto wetu. Muda wa maongezi ni neno safi la Tanzania, lakini katika soko la Kamembe halinunui kitu.

Sasa mnaona kwa nini nasema haitoshi kampuni kumlipa mtu mmoja wa Dar es Salaam atafsiri ujumbe wote, kisha iseme imemaliza kazi. Kuna Kiswahili cha Bukavu, cha Bugarama, cha Bujumbura, cha Kampala, cha Mombasa. Kuamua ni neno lipi liwekwe kwenye ujumbe unaoweza kumfanya mtu akubali mkopo au apoteze akiba yake ni uamuzi wa kisimamizi, wenye hasara na faida. Unataka utafiti. Na utafiti huo hauwezi kufanywa na mhandisi peke yake, wala na mwanaisimu asiyejua maana ya makato ya muamala. Unamtaka mtu mwenye mguu huku na mguu kule. Mtu huyo hayupo, kwa sababu wao wamefunga mlango na sisi hatujagonga.

Tukumbuke pia tulikotoka. Wazazi wetu wengi walikulia katika Rwanda ambayo Kiswahili kilionekana ni lugha ya wachuuzi, madereva na wahuni wa mjini. Mtoto mwema hakutakiwa kukisema. Dharau ile haijaisha. Imebadilisha nguo tu, siku hizi imevaa suti na inauliza kwa upole: "Kiswahili na minara vinakutana wapi?" Lakini dharau hiyo ilisahau jambo moja: wachuuzi na madereva ndio hao hao wanaotuma pesa kwa simu kila siku. Lugha ya wachuuzi, katika biashara ya simu, ndiyo lugha ya wateja.

Sipendi makala yanayolalamika tu, kwa hiyo nitaje ninachodai.

Kwanza, kila mtaala wa uzamili wa usimamizi wa mawasiliano ya simu katika nchi za Jumuiya uwe na somo moja la lazima la lugha na mteja, lenye Kiswahili cha huduma: kusikiliza malalamiko, kuandika ujumbe mfupi wa simu, kueleza bei na masharti kwa maneno ambayo mtu wa sokoni anayaelewa. Somo moja tu. Nafasi ya fedha na masafa haitaisha.

Pili, mwanafunzi wa shahada hiyo apelekwe mafunzo ya vitendo mpakani, na si ofisini Kigali peke yake. Akae mwezi mmoja na wakala wa Kamembe au Bugarama. Nawahakikishia atajifunza ushindani na usalama wa miamala kuliko atakavyojifunza kwenye slaidi.

Tatu, milango ya shahada hiyo ifunguliwe kwa wahitimu wa lugha, kwa masharti ya haki. Tupeni muhula wa maandalizi wa hesabu, takwimu na misingi ya mitandao. Tukishindwa mtihani, turudisheni nyumbani. Lakini msitukatae kwa jina la shahada yetu kabla hamjatupima. Mhasibu naye hakuzaliwa akijua masafa; alifundishwa.

Nne, na hili linatuhusu sisi na walimu wetu: idara zetu za Kiswahili zianze kupokea tasnifu kuhusu lugha ya simu, ya benki na ya mitandao, na zitafute wasimamizi wa pamoja kutoka vitivo vya sayansi. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi kwamba mada ya ujumbe wa simu "si ya kitaaluma" anatufungia ndani, na ufunguo ameushika yeye.

Kuna atakayesema kwamba nayadai haya kwa sababu natafuta kazi. Ndiyo, natafuta kazi. Baba mdogo hakuuza kahawa yake ili nije nikae bure. Lakini kazi ninayoitafuta ipo, inasubiri mtu, na gharama ya kutokuwepo kwake inalipwa na akina mama kama yule, faranga 60,000 kwa siku moja.

Nimetaja kahawa, na nitamalizia nayo. Kwetu Gashonga kuna Mibirizi, misheni ya zamani iliyoanzishwa mwaka 1903. Kahawa iliingia pale mwanzoni mwa karne ya 20, ikiletwa na wamisionari kutoka mbali, Amerika ya Kati. Ilikuwa mmea mgeni, usiojulikana na mtu. Lakini ilipandwa katika udongo wetu, ikapaliliwa na mikono yetu, na leo wataalamu wa kahawa wanaitambua aina yake kwa jina la Mibirizi. Hakuna anayesema kahawa hiyo ilipoteza thamani kwa kupata jina la kwetu.

Elimu ya kusimamia mawasiliano nayo imetoka mbali, na ije, tunaikaribisha. Ila mpaka leo iko ndani ya gunia ililosafiria, na lebo ya kigeni bado imeshonwa juu yake. Mimi nitaomba nafasi katika shahada hiyo mwaka huu, pamoja na kicheko kile. Wakinikataa nitaomba mwaka ujao. Na nikiulizwa tena Kiswahili na minara vinakutana wapi, sasa nina jibu fupi: njooni Kamembe siku ya soko, mkae kwenye benchi la shangazi yangu, msubiri simu ilie.